KILICHOKUFA SI PAMPU

Huenda ukajiuliza kwa nini mwanachama wa Chama cha Kiswahili anakuandikia habari za gari badala ya ngeli na vitendawili. Jibu langu ni fupi. Neno moja lililotumiwa ovyo lilimgharimu mjomba wangu shilingi elfu tisa, na elfu tisa hizo zilikuwa sehemu ya karo yangu. Vuta kiti basi tuanze somo.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka wa 2024. Mtakumbuka mvua ya mwaka ule. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Mjomba ana gari dogo la mtumba kutoka Japani, la petroli, lenye buti pana. Hubeba akina mama na ndizi zao kutoka hapa Malinya hadi soko la Khayega. Siku ya kupiganisha mafahali uwanjani hubeba mashabiki, tena wengine hukaa hukohuko butini pamoja na ngoma zao. (Hapo nitanyamaza, maana askari wa trafiki nao ni wasomaji.)

Siku moja adhuhuri, jua likiwa limechomoza baada ya mvua, gari lilikohoa mara mbili mlimani likazima. Stata ilizunguka vizuri, lakini injini haikushika. Tulingoja kama nusu saa hivi, mjomba akajaribu tena, likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Kesho yake hali ikawa ileile. Siku ya tatu likakataa kabisa, tukalisukuma hadi kwa fundi.

Fundi alifungua kifuniko cha tangi, akatega sikio huku mjomba akizungusha ufunguo. Kimya!

"Mzee, hapa hakuna mambo mingi," akasema. "Pampu imekufa. Leta pampu."

Mjomba alienda mjini Kakamega akarudi na pampu ya mtumba ya elfu tisa. Ikatiwa, na gari likawaka papo hapo. Tulipiga makofi! Kukhu akachinjiwa kuku na tukamla kwa furaha. Alasiri ya siku ya pili gari likazima palepale pa awali.

Sasa tuliache gari kando ya barabara kidogo, nikueleze mafuta yanavyosafiri.

Zamani magari mengi ya kabureta yalikuwa na pampu iliyosukumwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka, pampu inavuta. Magari yanayotumia nozo huhitaji mafuta yenye nguvu nyingi zaidi, kwa hiyo pampu yake ni ya umeme na huzamishwa ndani ya tangi. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, kwa kawaida utaisikia ikivuma kwa muda wa sekunde mbili hivi, kisha inanyamaza ikingoja injini. Umeme wake hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei, ambayo ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa.

Katika magari mengine safari haiishii hapo. Kuna kijisanduku kingine baina ya rilei na pampu, chenye mgongo wa bati la alumini. Kazi yake ni kuipimia pampu umeme. Gari likienda polepole, injini hainywi sana, basi hakuna haja ya pampu kukimbia kwa nguvu zake zote. Kompyuta ya injini hutuma amri, na kijisanduku hufungua na kufunga umeme mara nyingi mno kwa kila sekunde. Kikiufungua kwa muda mrefu kuliko kinavyoufunga, pampu hukimbia. Kikiufunga zaidi, hutulia. Sisi Waidakho na Waisukha tunaielewa habari hii upesi, kwa kuwa tuna isukuti, ngoma iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2014. Mpigaji akiharakisha, mabega ya wachezaji huharakisha. Mpigaji akinyamaza, mchezaji husimama, ingawa miguu yake haina ugonjwa wowote.

Mafundi wengi wa kwetu hawana jina la kijisanduku hicho. Fyuzi ni pampu, rilei ni pampu, waya ni "ile ya pampu". Chamani tulibishana wiki mbili, wengine wakitaka "kirekebishi", wengine "kiongoza pampu". Mwisho tulikubaliana tukiite kidhibiti pampu, na ndilo nitakalotumia.

Aliyetuokoa ni binamu yangu, ambaye wakati ule alikuwa akisomea ufundi wa magari hapo Sigalagala. Alikuja na mita ya mshale, kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 15, na bisibisi. Fundi alimtazama juu chini.

"Wewe msichana, pampu si ni mpya?"

"Ni mpya, fundi. Lakini nani amepima umeme unaofika?"

Hakuna aliyejibu.

Alianza na betri, volti 12.5. Fyuzi ilikuwa nzima. Alibadilishana rilei ya pampu na ya honi, maana zilifanana, na honi ikalia, kwa hivyo rilei nayo ilikuwa nzima. Kisha akatoa bitana la ubavu wa buti, na hapo ndipo nilipokiona kidhibiti kwa mara ya kwanza. Alichomeka ncha za mita kwa nyuma ya plagi, akamwambia mjomba awashe swichi. Umeme wa kuingia ulikuwa volti 12.3. Waya unaorudi kwenye bodi ulikuwa safi. Waya wa amri ulitikisa mshale, maana yake kompyuta ilikuwa inaomba. Waya wa kutokea kuelekea kwenye pampu ulikuwa sifuri.

"Anaingia, anaombwa, hatoi," binamu akasema.

Bado hakutosheka. Aliichomoa ile plagi, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye waya wa pampu kupitia ile fyuzi yake ya ampea 15. Pampu ikavuma ndani ya tangi! Akapima umeme inaokula: ampea 5.8, kiasi cha kawaida kwa pampu ndogo. Kipimo hiki wengi hukiruka. Pampu iliyochoka au chujio lililoziba huifanya pampu ile umeme mwingi mno, na kidhibiti kipya utakachonunua kitaungua kama cha kwanza.

Tahadhari, msomaji. Jaribio hili lifanyiwe mbali na mdomo wa tangi, tangi likiwa limefunikwa, buti likiwa limepigwa na hewa. Mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche moja. Binamu alimfukuza jirani aliyekuja na sigara, tena kwa maneno ambayo mhariri hataniruhusu niyaandike.

Kwa nini kilikufa? Tulipokifungua tuliona kutu ya kijani kibichi kwenye miguu ya vipuli. Mpira wa taa ya nyuma ulikuwa umepasuka, na mvua yote ya Aprili ilikuwa ikitiririka nyuma ya bitana. Joto la mchana lilikamilisha kazi, ndiyo sababu gari lilizima likipata moto na kuwaka likipoa. Pia ndiyo sababu ile pampu mpya ilionekana kuponya: wakati fundi akiitia, kidhibiti kilikuwa kikipoa. Jambo hili si la Malinya peke yake. Huko Marekani, pikapu za Ford F-150 za miaka ya 2004 hadi 2008 zilijulikana kwa vidhibiti vilivyooza mgongo, kwa kuwa alumini yake iligusa chuma cha fremu juu ya tairi la akiba, na chumvi ya barabarani ikafanya mengine. Vilivyotengenezwa baadaye viliwekewa vikingo vya kuvitenga na fremu.

Kukibadilisha kwenyewe hakukuchukua hata saa nzima. Tuliagiza kingine kutoka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kikaja kwa basi. Binamu alisisitiza nambari iliyochapwa mgongoni ilingane herufi kwa herufi, kwani vidhibiti hufanana kwa sura na kutofautiana nyaya. Alitoa kwanza waya hasi wa betri. Akalegeza nati mbili za namba 10, akapangusa mahali pa kukaa, akakaza kipya sawasawa, maana alumini ile isipogusa bodi inavyotakiwa na mtengenezaji haitapoa. Akachomeka plagi hadi ikalia "ta!" Kabla ya kurudisha bitana alibadilisha mpira wa taa, akamwagia maji ndoo nzima huku mimi nimejikunyata butini na tochi nikitafuta tone. Halikuingia. Waya hasi ukarudi, swichi ikawashwa, tukasikia mvumo wa sekunde mbili.

Fundi alichukua kalamu akaandika ukutani kwa chaki ya buluu: KIDHIBITI PAMPU. Maandishi yangali pale.

Kidhibiti kiligharimu elfu sita na mia tano. Ile pampu ya kwanza binamu aliipima juu ya benchi, ikavuma vizuri kabisa. Mjomba alijaribu kuirudisha ile ya pili dukoni, akaambiwa bidhaa ya umeme ikiuzwa haipokelewi tena. Kwa hiyo ya zamani imefungwa gazetini chini ya kitanda chake, ikingoja mnunuzi. Nami nilifika shuleni tarehe 27 Mei, siku kumi na nne baada ya wenzangu, na salio la karo nikiwa nimelishika mkononi.