Katiba na Mipaka ya Mtawala: Fundisho Kutoka Kenya

Katika sala za waamini tunawaombea viongozi wetu hekima na uadilifu. Tunafanya vema. Lakini je, inatosha kutegemea wema wa mtawala peke yake? Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, namba 44, anafundisha kwamba inafaa kila mamlaka iwekewe uzani na mamlaka nyingine ili ibaki ndani ya mipaka yake. Sheria ndiyo itawale, si matakwa ya watu. Tutazame jambo hili katika historia ya Kenya.

1. Katiba inaweza kubomolewa kidogo kidogo

Mwaka 1982 Bunge la Kenya liliongeza kifungu cha 2A katika Katiba, nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, hivyo Rais akaweza kuwafukuza. Tuone vizuri: yote hayo yalifanyika kwa kura, bungeni. Jaji anayehofia kazi yake atawezaje kumwambia mkubwa kuwa amekosea? Ulinzi wa majaji ulirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa mwaka 1991.

2. Katiba ya 2010 iligawa madaraka

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inaanza kwa kusema kuwa mamlaka yote ni ya wananchi. Rais hutumikia vipindi visivyozidi viwili vya miaka mitano. Mawaziri anaowateua huidhinishwa na Bunge la Taifa. Majaji hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Serikali za kaunti 47 zina kazi na fedha zao. Rais akivunja Katiba vibaya, Bunge la Taifa na Seneti wanaweza kumwondoa, kila moja kwa theluthi mbili ya wajumbe wake.

3. Mipaka ilipojaribiwa

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa Rais wa tarehe 8 Agosti, ingawa aliyetangazwa mshindi alikuwa Rais aliye madarakani. Rais Uhuru Kenyatta alisema hakubaliani na uamuzi huo, lakini angeuheshimu. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 26 Oktoba. Kutokubaliana na bado kutii: hapo ndipo Katiba inapopata uhai.

Basi tunajifunza kwamba Katiba ni kama ukuta wa shamba. Unazuia, lakini wenye shamba wasipoukagua, mawe huchukuliwa moja moja. Raia anayeisoma, anayeuliza na anayepiga kura kwa dhamiri ndiye mlinzi wake.

Kwa tafakari katika jumuiya zetu ndogo ndogo: Je, tunaifahamu Katiba ya nchi yetu? Na sisi wenyewe, katika familia, kamati na halmashauri za parokia, tunakubali kuulizwa juu ya madaraka tuliyopewa?