Kuchagua Kidhibiti Volteji kwa Kifaa Kidogo cha Nyumbani

Kaya nyingi zinazotumia umeme wa jua huuhifadhi katika betri ya volti 12, ilhali redio ndogo au modemu ya intaneti mara nyingi huhitaji volti 5 tu. Kifaa cha namna hiyo kikiunganishwa na betri moja kwa moja, huweza kuungua papo hapo. Kinachokilinda ni kidhibiti volteji, na katika somo hili tunaeleza mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyazingatia kabla ya kukinunua.

Kwanza, soma kibandiko cha kifaa chako. Maandishi “5V 1A” yana maana kwamba kifaa kinahitaji volti 5 na mkondo usiozidi ampea 1. Volti zinazotolewa na kidhibiti ni lazima zilingane na hizo. Ampea, kwa upande wake, zaweza kuzidi, kwa kuwa kifaa huchukua kiasi kinachokihitaji tu. Kidhibiti chenye ampea pungufu hupata joto kali na huweza kuharibika. Kwa kifaa cha ampea 1, tunashauri kidhibiti cha ampea 1.5 au 2.

Pili, angalia volti ambazo kidhibiti kinaweza kupokea. Betri iitwayo ya volti 12 haibaki kwenye volti 12 wakati wote. Betri ya risasi na asidi huweza kufikia volti 14.4 inapochajiwa mchana, na kushuka chini ya 12 inapokaribia kuisha. Chagua kidhibiti kinachopokea, kwa mfano, volti 8 hadi 24. Ikiwa kifaa chenyewe ni cha volti 12, kidhibiti kinachopunguza tu hakitatosha. Tafuta kinachoweza kupunguza na kuongeza.

Tatu, uliza ziada ya volti inakwenda wapi. Vidhibiti vya aina ya kwanza, kama kile chenye namba 7805, huigeuza ziada kuwa joto. Kifaa cha volti 5 na ampea 1 hutumia wati 5, lakini betri ya volti 12 hutoa wati 12. Wati 7 hupotea bure, na kidhibiti huhitaji bati la kupoza. Aina ya pili hukata na kurudisha umeme kwa kasi kubwa, na kilicho bora hupoteza takribani sehemu moja tu ya kumi. Kwa kifaa hichohicho betri hutoa wati 6 hivi. Hivyo, betri ambayo ingedumu saa 10 kwa aina ya kwanza hudumu karibu saa 20 kwa aina ya pili. Tofauti ya bei dukani hurudi kwa njia hiyo.

Mwisho, tunamkumbusha mtumiaji mambo matatu:

- Dai risiti, na ukague iwapo volti na ampea zimeandikwa wazi kwenye bidhaa.
- Weka fyuzi karibu na betri, kwenye waya wa chanya, ili hitilafu isiwashe moto.
- Kabla ya kuunganisha kifaa, mwombe fundi apime kwa mita volti zinazotoka, na ahakikishe kuwa chanya na hasi hazikubadilishana nafasi.

Kipimo hicho huchukua dakika chache. Kifaa kilichokwisha kuungua mara nyingi hakitengenezeki.