SOMO LA AFYA: NJIA YA WAYA KUINGIA MOYONI

Mtu akianguka ghafla pale sokoni Kibuye, wengine husema ni kifafa, wengine chira. Kumbe pengine ni moyo umepunguza mwendo: badala ya kupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, unapiga 30 tu, na ubongo unakosa damu. Huyu huenda akahitaji pesimeka, kifaa kidogo cha kuamsha mapigo.

Wengi huogopa eti kifua kitapasuliwa. Sivyo. Daktari huingiza waya katika mshipa ulio chini ya mtulinga. Mshipa huo unarudisha damu moyoni, basi waya hufuata mkondo kama maji ya Nyando yaendavyo ziwani, hadi chumba cha chini cha kulia.

Upande wa kushoto ndio taabu. Moyo ukiwa dhaifu na pande zake hazipigi pamoja, waya mwingine hupitishwa katika mshipa mpana wa nyuma ya moyo, koronari sainasi, halafu kwenye tawi lake. Hapo unapanda kinyume cha mkondo! Na matawi hayo hayafanani kwa watu: mengine membamba mno, mengine yamepinda. Kwa hiyo daktari kwanza humwaga dawa ya kuyaonyesha kwa eksirei.

Jirani akizirai bila sababu, mpelekeni hospitali, mwombe kipimo cha umeme wa moyo. Hakiumi.