Galoni Ipi? Kugeuza Vipimo vya Mtiririko wa Maji Kabla ya Kununua Pampu

Kijitabu cha kamati za maji, mafundi pampu na wenye visima

Kwa nini kijitabu hiki

Kijiji huchangishana kwa miezi hadi kisima kirefu kichimbwe. Siku maji yanapotoka, watu hushangilia. Kisha pampu inafungwa, na baada ya wiki chache mota inaungua. Mara nyingine chanzo ni hesabu ya dakika mbili ambayo hakuna aliyeifanya, na kosa limejificha katika neno moja: galoni.

Mtiririko ni nini

Mtiririko ni kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani. Kwa hiyo kila kipimo cha mtiririko kina sehemu mbili: ujazo na muda. Ukigeuza galoni kuwa lita ukasahau kuwa moja ni kwa dakika na nyingine ni kwa saa, utakosea mara 60.

Ripoti ya kisima kwa kawaida huandika mita za ujazo kwa saa (m³/h). Fundi anayejaza tangi huongea kwa lita kwa dakika. Kibao cha pampu huenda kikaandika GPM, yaani galoni kwa dakika. Wote wanazungumzia maji yaleyale.

Galoni mbili, jina moja

Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria iliyoifanya galoni yake kuwa ujazo wa pauni 10 za maji. Marekani, iliyokwisha kujitawala, ilibaki na galoni ya zamani ya mvinyo, yenye inchi za ujazo 231. Tangu hapo jina ni moja, vipimo ni viwili:

- Galoni ya Uingereza: lita 4.546
- Galoni ya Marekani: lita 3.785

Galoni 5 za Uingereza ni karibu sawa na galoni 6 za Marekani.

Sisi tunakutana na zote mbili. Kumbukumbu za visima vilivyochimbwa Kenya na Tanganyika enzi za Waingereza ziliandikwa kwa galoni kwa saa, na galoni hizo ni za Uingereza. Pampu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia galoni ya Marekani.

Namba za kuzidishia

- Galoni za Uingereza kwa dakika × 4.546 = lita kwa dakika
- Galoni za Marekani kwa dakika × 3.785 = lita kwa dakika
- Galoni za Uingereza kwa saa × 4.546 = lita kwa saa
- Futi za ujazo kwa sekunde × 28.3 = lita kwa sekunde
- Lita kwa dakika × 0.06 = mita za ujazo kwa saa
- Lita kwa saa ÷ 1,000 = mita za ujazo kwa saa

Ukitaka kurudi nyuma, gawanya pale ulipozidisha.

Mfano: kisima kimoja, pampu moja

Ripoti inasema kisima kinatoa mita za ujazo 3 kwa saa. Hizo ni lita 3,000 kwa saa, yaani lita 50 kwa dakika. Dukani kuna pampu ya kuzamisha iliyoandikwa 12 GPM. Je, inafaa?

Ikiwa galoni ni za Marekani: 12 × 3.785 = lita 45.4 kwa dakika. Kisima kinaimudu.

Ikiwa ni za Uingereza: 12 × 4.546 = lita 54.6 kwa dakika. Kila dakika pampu inaweza kuvuta lita 4.6 zaidi ya zile kisima kinazorudisha. Maji yatashuka kidogo kidogo hadi pampu ianze kuvuta hewa. Mota ya pampu ya kuzamisha hupozwa na maji yanayoizunguka. Yakikosekana, inapata moto na kuungua.

Jinsi ya kuitambua galoni

1. Tafuta herufi za ziada. "US" ni Marekani. "Imp" au "IGPM" ni Uingereza.
2. Tazama kama kibao kina pia lita au m³/h. Geuza kwanza kuwa lita kwa dakika, kisha gawanya lita kwa galoni: ukipata karibu 3.8 au 4.5, umepata jibu.
3. Soma herufi Hz. Umeme wa gridi wa Kenya na Tanzania ni 50 Hz. Kibao cha 60 Hz ni dalili kwamba pampu haikutengenezwa kwa ajili yetu.
4. Ukikosa dalili yoyote, mwombe muuzaji jedwali la pampu. Asipokuwa nalo, usinunue.

Jedwali hilo lina faida nyingine. Namba kubwa ya kwenye kibao mara nyingi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kadiri kimo kinavyoongezeka, maji yanapungua. Soma namba iliyo kwenye kimo cha kisima chako hadi tangini.

Pima mwenyewe kwa ndoo

Usiamini kwamba ndoo ya lita 20 ina lita 20. Chukua chupa ya lita moja, mimina mara 20, kisha chora mstari pale maji yalipofika. Kinga maji ya bomba la pampu na uhesabu sekunde kwa simu hadi yafike kwenye mstari. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Hesabu yake: 20 × 60 ÷ sekunde = lita kwa dakika. Ndoo ikijaa kwa sekunde 24, unapata lita 50 kwa dakika. Kwa kisima cha mfano wetu, huo ndio ukomo. Pampu yenye busara huvuta chini yake.

Andika pale panapoonekana

Andika kwa rangi, ndani ya mlango wa kibanda cha pampu: kisima kinatoa lita ngapi kwa dakika, pampu inavuta lita ngapi kwa dakika, na tarehe ya kipimo. Kamati hubadilika na mafundi huhama. Atakayekuja kubadilisha pampu hiyo miaka kumi ijayo atakuta lita mlangoni, wala hatalazimika kubahatisha galoni.