Kumhasi paka hubadilisha tabia gani?

Je, paka wako dume hutoroka usiku na kurudi alfajiri akiwa na masikio yaliyoraruka? Au hunyunyizia mapazia na viti mkojo wenye uvundo? Usimchape. Tabia hizo huchochewa na homoni zitokazo kwenye korodani.

Akihasiwa na daktari wa mifugo, homoni hizo hupungua mwilini. Madume wengi, karibu 9 kati ya 10, hupunguza kuzurura, kupigana na kunyunyiza mkojo. Baadhi hubadilika mara moja, wengine baada ya wiki kadhaa.

Jike naye huondolewa ovari, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia. Hapandwi tena na joto, wala halii usiku kucha akiita madume. Usikawie: jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, na huibeba kwa wiki 9 hivi.

Jambo hili linahusu afya yako pia. Paka wanaopigana huumana, na kuumwa ndiko hueneza kichaa cha mbwa. Lakini kuhasi si chanjo, kwa hivyo mpeleke paka wako achanjwe. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku iyo hiyo.

Wengine huhofu kwamba paka aliyehasiwa hatawinda panya. Ataendelea kuwinda. Ila hunenepa upesi, basi mpunguzie chakula kidogo.