Kabla Hujalipa Kiingilio: Mafundi Wadogo wa Kukata Miti na Vyama

Kazi ya kukata miti mwambao wa Nyasa hufanywa na watu wawili au watatu: mwenye chenso, mshika kamba, na kijana wa kuburuta matawi. Wanaitwa mwembe ukiegemea paa la darasa Kihagara, au mvua za Novemba zinapokaribia na mwenye nyumba kule Lituhi ameanza kuliogopa tawi lililokauka juu ya chumba anacholala. Kikosi cha namna hii kikiambiwa kijiunge na chama, kwanza kijiulize chama hicho kitafanya lipi ambalo chenyewe hakiwezi.

Watu wa huku wana haki ya kuuliza hivyo. Ushirika haukuanza jana mkoani kwetu Ruvuma: NGOMAT, chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kiliundwa mwaka 1936. Baadaye Mbinga ikawa na MBICU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa, nacho kikaanguka miaka ya 1990, na familia zilizokitegemea kwa mbolea na soko zikabaki zikihangaika. Kwa upande mwingine, Wamatengo walikuwa na sengu, wazee na vijana wa ukoo wakila pamoja na kuamua mambo yao palepale. Hakuna aliyeweza kuficha kitu mbele ya watu anaokula nao kila siku. Nionavyo mimi, chama cha mafundi kifanane na sengu kwa hilo: kiwe kidogo kiasi kwamba kila mwanachama anajua fedha ziko wapi.

Jambo la kwanza la kupima ni ajali. Fundi wa miti huumia kwa namna ambayo fundi cherehani haumii. Tawi hurudi nyuma, kamba hukatika, mnyororo huruka. Mwajiri wa kweli anatakiwa na sheria ya mwaka 2008 kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini vibarua watatu wanaogawana malipo jioni mara nyingi hawamo kwenye daftari la mwajiri yeyote. Chukua karatasi uandike gharama ya mguu mmoja kuvunjika: usafiri kutoka Kihagara hadi hospitali ya misheni Liuli, matibabu, na wiki ambazo nyumbani hakuna kinachoingia. Kisha muulize katibu wa chama: hilo likitokea kesho, mfuko utatoa kiasi gani, na ndani ya siku ngapi? Akijibu kwamba "tutachangishana", huo mchango majirani zako wangekupa hata bila kadi.

La pili ni zabuni, na hapa ndipo umoja unapolipa kuliko watu wanavyodhani. Shule, zahanati na barabara zote zina miti inayohitaji kukatwa au kupunguzwa. Taasisi ya umma haiwezi kumlipa tu mtu mwenye chenso aliyepita njiani. Ununuzi wa serikali sasa hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana chenye katiba, akaunti ya benki na cheti cha halmashauri kinaweza kuomba. Karatasi hizohizo hutumika pia kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Wilaya ya Nyasa ilipotengwa na Mbinga mwaka 2012, makao yake yakawa Mbamba Bay, kwa hiyo huko ndiko mambo haya yanakoishia. Anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Atakueleza idadi ya wanachama inayotakiwa na atakuonyesha katiba ya mfano.

Wanaume wenye umri wa kati, ambao si vijana tena, hawajawa wazee wala hawana ulemavu, wasidanganywe: milango hiyo ya makundi maalumu si yao. Wasilipe kiingilio kwa tamaa ya mikopo hiyo.

Kuna hesabu nyingine ambayo mafundi wengi huiruka. Chama cha wateja wako kinaweza kukufaa kuliko chama cha mafundi wenzako. Mkulima wa kahawa mwenye mibuni mizee anahitaji kuikata visiki ichipue upya, na kazi hiyo huja baada ya mavuno, mwambao ukiwa bado mkavu. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichopo Ugano, Mbinga, kinafahamu namna sahihi ya kukata. Nenda ukajifunze, kisha uombe dakika kumi kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Hivyohivyo kwa wakulima wa miti. Umoja wao wa kitaifa, TTGAU, ni wa wenye mashamba, si wa wakataji, lakini shamba la misindano linahitaji kupogolewa na kupunguzwa, na mwenye shamba anamtafuta mtu atakayefanya hivyo bila kuchubua miti inayobaki. Mafunzo ya chenso nayo yapo: Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Nauli ya vijana wawili kwenda huko ni mzigo kwa mmoja, ila watu kumi wakichanga, wawili wanakwenda na kurudi kuwafundisha wengine.

La mwisho la kupima ni ubora wa kazi. Uingereza kuna chama cha wataalamu wa miti, Arboricultural Association, kilichoanzishwa mwaka 1964. Mkandarasi hapati kuorodheshwa nacho kwa kulipa ada tu. Hukaguliwa kazi yake, usalama wake na karatasi zake. Hilo tunaweza kulifanya hapa bila ofisi wala gari. Kila mwezi wanachama wawili waende kutazama mti uliokatwa na mwenzao: je, tawi lilikatwa karibu na shina bila kuchana gome, je, eneo lilisafishwa? Na iwepo sheria isiyojadiliwa, kwamba hakuna anayepanda mti wenye matawi kwenye nyaya mpaka TANESCO wakate umeme. Atakayeivunja atolewe, hata akiwa mwenyekiti.

Sasa uamuzi. Pima ada kwa kazi: kama ada ya mwaka ni sawa na malipo ya mwembe mmoja, chama kikupe angalau mwembe mmoja ambao usingeupata. Omba kuona daftari la mapato na matumizi la mwaka uliopita, tena uombe mbele ya watu. Zungumza faraghani na wanachama watatu ambao si viongozi. Lipa kwa mwaka mmoja tu, na udai stakabadhi. Kama hakuna chama kinachopita mtihani huu, vikosi vya kuanzia Lituhi hadi Liuli vianzishe chao: mfuko wa ajali kwanza, cheti cha halmashauri pili, sare mwisho kabisa. Mweka hazina asome hesabu kila mkutano, na simu yenye fedha za kikundi isikae na mtu yuleyule anayejua namba ya siri.

Mwaka ukiisha, andika kazi zilizokuja kupitia chama na fedha ulizotoa. Zikiwa hazilingani, usilipe tena, na umwambie katibu sababu.