Mama Yuko Kazini: Mtoto Analishwa na Nani?



Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, ni mji wa kazi. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika sehemu hizo miaka ya 1920, na mpaka leo watu wengi wanaishi kwa dhahabu, tumbaku, mahindi na biashara ndogo ndogo. Akina mama hawako nyuma. Wako wanaoponda mawe, wanaoosha mchanga kwenye mialo, wanaowapikia wachimbaji na wanaochuma tumbaku. Wako pia walimu, wauguzi na makarani.

Mama huyo anapotoka asubuhi, nyuma yake kuna mtoto. Watu husema: "Achague, kazi au mtoto." Hayo si maneno ya busara. Asipofanya kazi, nyumba itakula nini? Na mtoto akidhoofika, fedha hiyo itafaa nini? Swali la kujiuliza ni hili: baba, mama na jamaa wapange vipi ili kazi iendelee na mtoto asidhurike?

1. Maziwa ya mama yasikatizwe

Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Asipewe uji wala maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga. Baada ya hapo aanze kula vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Mama anayekwenda kazini anaweza kukamua maziwa yake na kuyaacha nyumbani. Fanya hivi:

(a) Nawa mikono kwa sabuni na maji safi.
(b) Kamulia katika kikombe kilichooshwa vizuri na kuchemshwa, kisha kifunike.
(c) Weka kikombe mahali penye ubaridi na kivuli. Siku za joto maziwa hayo yatumike kabla ya kupita saa 4.
(d) Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha na huleta kuhara.
(e) Maziwa aliyobakiza mtoto yamwagwe. Asiwekewe ya baadaye.

Mnyonyeshe mtoto kabla ya kuondoka, mara unaporudi, na usiku. Ziwa linaloachwa bila kunyonywa wala kukamuliwa hupunguza maziwa. Kwa hiyo hata ukiwa kazini, kamua.

2. Sumu ya kazi isifike kwa mtoto

Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki itoke. Moshi wake hauna harufu, lakini ni sumu kali. Mtu huuvuta bila kujua. Kwa mama mjamzito sumu hiyo humfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake unaokua. Kiasi fulani hupita pia katika maziwa. Hii ndiyo sababu mataifa yaliafikiana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kupunguza matumizi ya zebaki. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020.

Basi shika haya. Usichome zebaki nyumbani, wala kwa sufuria ya jikoni. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiishike wala asikae karibu na mahali inapochomwa. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, mbali na makazi, kwa chombo kinachonasa moshi. Usimbebe mtoto mgongoni kwenda kwenye mialo na makarasha. Ukirudi, oga na ubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Lakini usimwachishe ziwa kwa hofu. Eleza kazi yako kliniki, upate ushauri.

Wakulima wa tumbaku nao waangalie. Majani mabichi yenye umande hupitisha sumu yake kwenye ngozi, na kuleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Mjamzito asichume majani yaliyolowa.

3. Ijue haki yako

Kwa mama aliyeajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Mwajiri apewe taarifa angalau miezi 3 kabla ya siku ya kutarajia kujifungua, pamoja na cheti cha mganga. Akirudi kazini, mama anaruhusiwa kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Baba naye ana likizo ya siku 3.

Mama anayejiajiri kwenye mialo au shambani hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake itatoka kwa mumewe, jamaa na wenzake katika kikundi. Wasipokubaliana mapema, hataipata.

4. Mzigo ubebwe na wote

Mama akitoka kazini saa 10 jioni, kisha akachote maji, akate kuni, apike na afue peke yake, atachoka na afya yake itaharibika. Baba anaweza kuchota maji na kuosha vyombo. Anaweza pia kumpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Hakuna heshima inayopungua.

Mtoto asiachiwe mtoto mwenzake. Dada wa miaka 8 hawezi kutambua homa kali, tena anakosa shule. Afadhali bibi au jirani mtu mzima. Miaka ya 1970 vijiji vingi vya ujamaa vilianzisha vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, wazazi wakichangia chakula. Wazazi wa leo wanaweza kuanzisha chao, wakimwona kwanza Afisa Ustawi wa Jamii ili kiandikishwe kisheria.

Haba na haba hujaza kibaba. Anza leo na jambo moja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wenu, watoto wa akina mama wanaofanya kazi huachwa na nani?
2. Zebaki huchomwa wapi? Ni umbali gani kutoka nyumba za watu?
3. Baba wa nyumba yenu anaweza kuchukua kazi ipi kuanzia kesho?